Maswali ya Wasomaji: Kadhi ndani ya Katiba ya Kenya

SWALI: Katiba inasema Kenya haina dini rasmi. Mbona basi Mahakama ya Kadhi inaendeshwa kwa kodi ya sisi sote? Si upendeleo wa mwaka 2010 huu? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Suala la kodi ni halali kulijadili. Ila kusema jambo hili lilianza 2010 ni kukosea historia. Makadhi walikuwa wakiamua kesi Mombasa, Lamu na Malindi chini ya Sultani wa Zanzibar kabla ya kuwako nchi iitwayo Kenya. Kwa mkataba wa 1895, Waingereza waliukodi kwa Sultani ukanda wa pwani wa maili 10, naye akabaki na bendera yake. Liwali na mudiri, yaani watawala wa Sultani katika miji na vitongoji, pamoja na kadhi, wakaachwa kazini. Ndiyo sababu tangu 1920 nchi iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya: himaya ndio ukanda huo.

Uhuru ulipokaribia, wenye kudai Mwambao walitaka pwani ijitenge. Oktoba 1963, Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na mwenzake wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua: ukanda ungeingia Kenya, na Kenya ingelinda mamlaka ya kadhi. Kwa hiyo Kifungu cha 170 cha Katiba, kinachohusu Mahakama ya Kadhi, ni ahadi iliyounganisha nchi, na ahadi ya namna hiyo haivunjwi kwa sababu tu walioahidiwa ni wachache.

Tena Katiba ya 2010 iliyabana mamlaka hayo. Ile ya zamani ilitaka wahusika wote wawe Waislamu, basi. Hii ya sasa inataka pia wawe wamekubali kuhukumiwa na kadhi. Naye haamui lolote nje ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Wizi, deni la dukani au mgogoro wa mpaka wa shamba si kazi yake.

SWALI: Kwa nini Waislamu hawana chama chao cha siasa? — Msomaji, Kwale

JIBU: Kilijaribiwa. Islamic Party of Kenya kilianzishwa 1992, vyama vingi viliporudi, kikanyimwa usajili kwa kuwa ni cha kidini. Mombasa ikawa na ghasia. Leo Kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza chama chochote chenye msingi wa dini, kabila au eneo.

SWALI: Baba amefariki, ameacha mjane, mwana mmoja na mabinti wawili. Wote ni Waislamu, ila dada mmoja hataki kwenda kwa kadhi. Tufanyeje? — Msomaji, Garissa

JIBU: Dada yenu ana haki ya kukataa, na hapo shauri huenda Mahakama Kuu. Lakini aambiwe mapema jambo ambalo wengi hawalijui: kuhama mahakama si kuhama sheria. Kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi kinasema mali ya aliyekufa akiwa Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu.

Akikubali, nendeni na cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, nakala za vitambulisho na hati za mali. Kesi nyingi huharibikia kwenye barua ya chifu: mke wa pili au mtoto wa ndoa ya awali anaachwa nje, kisha anajitokeza mali ikiwa imeshauzwa, na kila kitu kinaanza upya.

Kabla ya kugawa, toeni gharama za mazishi, kisha madeni, pamoja na mahari ambayo mama hajalipwa. Hufuata wasia, usiozidi thuluthi moja ya kilichobaki, na asipewe mrithi ila wenzake wakiridhia.

Hesabu yenyewe, ikiwa wazazi wa marehemu hawako hai, ni hivi. Mjane huchukua thumni, yaani 1/8. Zinazobaki 7/8 hugawanywa mafungu manne: mwana mawili, kila binti moja. Shamba likiwa ekari 32, mama ana 4, mwana 14, mabinti 7 kila mmoja. Babu au bibi mzaa baba akiwa hai, hesabu hii haifai tena, kwani naye ana 1/6 yake.

Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Huko jaji huketi pamoja na Kadhi Mkuu, au makadhi wengine wawili, wakiwa washauri wake.