Jibu: Maisha ndani ya mashua ya matanga wakati wa Korona, Kilifi

Ndugu, umeuliza watu walioishi ndani ya mashua za matanga walikuwa wakifanya nini siku nzima wakati Korona ilipofunga kila kitu. Mimi nilikuwa baharia wa mashua ya wageni iliyotia nanga katika hori (mkono wa bahari) ya Kilifi, pwani ya Kenya, na tangu tarehe 8 Aprili 2020, serikali ilipopiga marufuku kuingia na kutoka katika kaunti hiyo, tulikaa pale pale hadi marufuku ilipoondolewa Juni.

Kazi haikukosekana. Alfajiri nilifua ngama (maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo), nikakagua mnyororo wa nanga kwa kuwa mkondo wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huvuta sana, kisha nikapiga mbizi na kikwanguo kusafisha mkuku (uti wa chini wa chombo), maana chombo kisichosafiri huota mwani upesi ajabu. Maji ya kunywa ndiyo yaliyonisumbua zaidi. Masika yalipoanza tulitandaza turubai juu ya sitaha, tukaacha mvua ya kwanza ioshe chumvi na vumbi, ndipo tukaelekeza mpira kwenye tangi. Umeme ulitoka kwenye paneli za sola, hivyo siku za mawingu jokofu lilizimwa, na samaki tuliyemnunua kwa mvuvi wa ngalawa alikaangwa siku hiyo hiyo.

Sokoni nilikwenda kwa kihori, chombo kidogo cha kufikia nchi kavu, mara mbili kwa wiki, nikiwa nimevaa barakoa, nikihakikisha nimerudi kabla ya saa moja jioni, kafyu ilipoanza. Ingawa, kusema kweli, kwa sisi tuliolala majini hapakuwa na pa kwenda hata bila kafyu.