Milango yetu ya chuma na kodi ya hewa ukaa ya Ulaya

SWALI: Karakana yetu ipo Pongwe, Tanga. Tunatengeneza milango na fremu za chuma, na kaka yangu anauza mkonge nje. Mnunuzi wetu wa Ujerumani ametuma fomu ndefu ya hewa ukaa, anasema tusipoijaza atashusha bei. Je, tutatozwa kodi? Na mkonge nao umo?

JIBU: Mkonge haumo, kaka yako asiwe na wasiwasi. Utaratibu huu wa Umoja wa Ulaya wa kutoza hewa ukaa ya bidhaa zinazoingizwa kutoka nje, uitwao CBAM, unagusa chuma, alumini, saruji, mbolea, haidrojeni na umeme. Milango na fremu zako zimo.

Anayedaiwa si wewe, ni mwagizaji wa huko. Kwa mizigo inayoingia tangu Januari 1, 2026 atapaswa kununua vyeti vya kulipia hewa ukaa iliyotoka wakati wa kutengeneza bidhaa, na mauzo ya vyeti hivyo yamepangwa kuanza Februari 2027. Gharama hiyo atataka kukusukumia kwenye bei. Kwa hiyo muulize kwanza anaingiza tani ngapi za bidhaa hizi kwa mwaka. Zisipozidi 50, anasamehewa. Zinazohesabiwa ni tani zake kutoka kwa wauzaji wote, siyo kontena lako peke yake.

Kama amezidi, kazi yako kubwa ni kukijua chuma unachonunua. Kukata na kuchomelea kwako ni sehemu ndogo mno, na umeme wa karakana kwa bidhaa za chuma hauhesabiwi (wa saruji ndiyo huhesabiwa). Karibu hewa ukaa yote inatoka kwenye tanuri lililoyeyusha zile skwea paipu. Chuma kilichotokana na mawe ya madini na makaa hutoa takriban tani 2 za hewa ukaa kwa kila tani. Kilichoyeyushwa kwa umeme kutoka chuma chakavu hutoa kidogo sana kuliko hicho. Ukivitazama dukani huwezi kuvitofautisha, hivyo mdai muuzaji karatasi inayotaja kiwanda kilichoyeyusha na takwimu zake. Angalia na vipande vinavyobaki: ukitumia tani 1.2 kupata tani 1 ya milango, unabeba hewa ukaa ya tani 1.2.

Bila takwimu, mwagizaji anatumia makadirio ya Ulaya yenye nyongeza ya asilimia 10 mwaka 2026, 20 mwaka 2027 na 30 kuanzia 2028. Ukiwa nazo, lazima zihakikiwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Gharama ya ukaguzi ni nzito kwa karakana ndogo, na mimi naona ni haki kabisa mnunuzi achangie, maana nafuu ni yake pia.

Kuhusu bei, usikubali haraka. Viwanda vya Ulaya bado vinapata vibali vya bure vya kutoa hewa ukaa, na mwagizaji hupewa punguzo linalolingana navyo. Punguzo hilo linapungua asilimia 2.5 tu mwaka 2026, na litakwisha 2034. Kwa chuma ambacho hewa ukaa yake kwa tani haizidi sana kigezo kilichowekwa na Ulaya, bili ya sasa ni ndogo. Mwambie akuonyeshe hesabu ya mwaka huu, kwa tani, kabla hujapunguza hata senti.

Karatasi hizo zitunze vizuri: Uingereza nayo imepanga kuanza kodi yake Januari 1, 2027, na chuma kimo.