Nakunywa pombe, je niendelee kuswali? Na ile hela ya yatima?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Kiislamu na dini yangu naipenda, ila nina mtihani wa pombe, sio kila siku lakini kila wikiendi nikikutana na washkaji lazima ninywe. Kuna mtu aliniambia ukinywa pombe swala yako haikubaliwi siku 40, nikapiga hesabu nikaona mi nakunywa kila wiki maana'ke hakuna hata siku moja swala yangu itakubaliwa, basi nikaacha kuswali nikasema nikiacha pombe ndo nirudi msikitini nikiwa msafi. Huu mwaka wa pili sasa. Mwingine kaniambia mimi hata sio Muislamu tena. Ni kweli sheikh? Mbona natoa sana sadaka na nasaidia watu, hayo hayafuti? Halafu pia marehemu kaka yangu aliacha hela za mtoto wake, nilizishika mimi nikazizungusha kwenye biashara, bado sijazirudisha ila mtoto naishi nae na anakula kwangu. Naomba unijibu.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh ndugu yangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu na nataka ujue kwamba mtu anaelia na dhambi yake namna hii moyo wake haujafa, basi shukuru kwa hilo halafu tukae tuongee vizuri.

Hii ya siku 40 kwanza. Hadithi ipo, aliekwambia hajaitunga, ameipokea Imam Tirmidhi na wengine kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba mwenye kunywa pombe haikubaliwi swala yake asubuhi 40. Lakini alikukatia katikati! Palepale baada ya maneno hayo Mtume (s.a.w.) amesema akitubia, Allah anamkubalia toba yake. Yaani wewe ukapewa mlango uliofungwa ukanyimwa ule uliokuwa wazi pembeni yake. Sikufichi, mwisho wa hadithi kuna kitisho kikali kwa anaerudia na kurudia na kurudia, hilo litakuhusu usipojiangalia, ila toba ya kweli haijafungwa kwa aliye hai roho haijafika kooni.

Na neno "haikubaliwi" usilielewe kama ulivyolielewa. Iko hadithi nyingine ndani ya Sahih Muslim, kitabu cha hadithi cha Imam Muslim, ya mtu aendae kwa mganga wa ramli kumuuliza jambo, nae pia swala yake haikubaliwi siku 40, na Imam An-Nawawi ameieleza kwamba maana'ke hapati thawabu za swala ile, lakini faradhi imemuondokea, hadaiwi tena. Umeona tofauti? Anaeswali huku ana dhambi hiyo kakosa ujira ila deni kalipa, na asieswali kabisa kakosa ujira na deni liko palepale shingoni, tena kaongeza dhambi juu ya dhambi.

Na hapa nataka unisikilize sana. Mnywaji pombe ambae anaamini pombe ni haramu, wanachuoni wa Ahlu Sunna hawakutofautiana kwamba ni Muislamu, ni fasiki, yaani mtenda dhambi kubwa, lakini Muislamu. Alieacha swala kwa uvivu ndo wametofautiana juu yake! Wapo waliosema huyo katoka kwenye dini kabisa, kwa sababu ya hadithi ya Muslim kwamba baina ya mtu na shirki na ukafiri ni kuacha swala, na wengi wao wamesema hajatoka lakini yuko kwenye dhambi kubwa mno. Sasa tazama shetani alivyokuchezea, kakutoa kwenye dhambi ambayo Uislamu wako hauna ubishi, akakupeleka kwenye dhambi ambayo Uislamu wako wenyewe unabishaniwa, na wewe ukadhani unaiheshimu swala. Hukuiheshimu ndugu yangu, umeikimbia.

Masharti ni moja tu, usisimame kuswali ukiwa umelewa, hilo Allah kalikataza katika Surat An-Nisaa aya ya 43 mpaka mtu ajue anachokisema. Akili ikirudi oga, tia udhu, swali na ile iliyokupita uilipe. Mdomo unanuka? Safisha meno na uswalie nyumbani usiwaudhi watu, lakini swali.

Nilikuwa namuona mzee mmoja miaka ya nyuma, kila isha anakuja mpaka mlangoni mwa msikiti, viatu kavivua kavishika mkononi, anasikiliza kisomo mpaka imamu anatoa salamu halafu anavaa viatu vyake anaondoka. Siku moja nikamfuata nikamuuliza mzee wangu mbona huingii, akanijibu "mimi mchafu, nasubiri nisafike". Kafa hivyohivyo, hajaingia. Kila nikisoma swali kama lako naviona vile viatu mkononi mwake. Mto ndo unaosafisha, na Mtume (s.a.w.) amezifananisha swala tano na mto unaopita mlangoni kwa mtu akaoga humo mara tano kwa siku, akauliza je utabaki uchafu wowote mwilini mwake? Sasa wewe unasema nitaoga nikishakuwa msafi, huo usafi utautoa wapi?

Haya, tuje kwa huyo aliekwambia wewe sio Muislamu. Hilo neno ni zito na lina historia yake. Watu wa mwanzo kumtoa mtu kwenye Uislamu kwa sababu ya dhambi kubwa walikuwa Makhawariji, zama za Sayyidna Ali (r.a.), wakafika mpaka kuwakufurisha masahaba wenyewe na mmoja wao ndo alimuua Ali mwaka 40 Hijria, anamuua mtu aliebashiriwa pepo na anaona anafanya ibada! Upande wa pili wakaja Murjia wakasema maadamu umeamini dhambi haikudhuru kitu, na hao nao wamepotea vilevile. Ahlu Sunna wako katikati, imani ni kauli na vitendo na inazidi na kupungua, dhambi kubwa inaipunguza na kuijeruhi lakini haiing'oi maadamu hujaihalalisha.

Utaniuliza, mbona kuna hadithi kwamba mzinifu hazini pale anapozini hali ya kuwa ni muumini, na mlevi hanywi pale anapokunywa hali ya kuwa ni muumini? Ni kweli, iko Bukhari na Muslim. Makusudio ni imani iliyokamilika, yaani wakati ule glasi iko mdomoni ile nuru ya imani haipo mahala pake, kwa sababu ingekuwepo kamili ingemzuia mkono. Lakini huohuo Mtume (s.a.w.) ndie aliemwambia Abu Dharri (r.a.) kwamba mja akisema Laa ilaaha illa Allah akafa juu ya hilo ataingia peponi, Abu Dharri akastaajabu akauliza hata akizini hata akiiba? Akajibiwa hata akizini hata akiiba, mara tatu. Huenda akaadhibiwa kwanza kwa dhambi zake, huenda akasamehewa, hilo ni la Allah mwenyewe kama alivyosema An-Nisaa aya ya 48, hasamehi kushirikishwa na anasamehe yaliyo chini ya hapo kwa amtakae. Amtakae, zingatia, hakusema kila mtu, kwa hiyo usilale usingizi.

Na kuna kisa ambacho mimi nakipenda mno na nataka ukae nacho. Zama za Mtume (s.a.w.) alikuwepo mtu anaitwa Abdullah, watu wakimpachika jina la utani, nae alikuwa akimchekesha Mtume. Huyu bwana alikuwa na mtihani huuhuu wako wa pombe, akachapwa, siku nyingine akaletwa tena akachapwa tena, mtu mmoja pale akasema Mungu amlaani, mara ngapi analetwa huyu! Mtume (s.a.w.) akasema msimlaani, wallahi ninavyojua mimi anampenda Allah na Mtume wake. Iko Bukhari. Kachapwa, hakuachiwa, dhambi haikuitwa ndogo, lakini mapenzi yake kwa Allah nayo hayakukanushwa. Aliekwambia wewe sio Muislamu mwambie akisome hiki kisa.

Sasa sadaka zako na wema wako. Mema yanafuta mabaya, hiyo ni aya, Surat Hud 114. Lakini Mtume (s.a.w.) ameweka mpaka katika hadithi ya Muslim, swala tano, na Ijumaa mpaka Ijumaa, na Ramadhani mpaka Ramadhani zinafuta yaliyo baina yake maadamu madhambi makubwa yameepukwa. Kwa hiyo wanachuoni wengi wanasema dhambi kubwa inahitaji toba yenyewe, sio kwamba unakunywa Jumamosi unatoa sadaka Jumapili halafu unaona mizani imelingana. Toba ni kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudi. Ukianguka baada ya toba ya kweli, tubia tena, ile ya kwanza haijabatilika. Na kusema ukweli washkaji hao wa wikiendi ndo ugonjwa wenyewe, pombe ni dalili tu, badilisha kampani utaona nusu ya kazi imekwisha.

Nimekuja sasa kwenye ule mstari wa mwisho wa swali lako. Umeandika maneno mengi kuhusu pombe halafu hii umeitupia mwisho, "halafu pia", kama kitu kidogo. Ndugu yangu, hiki ndicho kilichonifanya nisome ujumbe wako mara tatu.

Mtume (s.a.w.) alipotaja madhambi saba yanayoangamiza, hadithi ya Bukhari na Muslim, alitaja shirki, uchawi, kuua nafsi isivyo haki, kula riba, kula mali ya yatima, kukimbia siku ya vita na kuwasingizia uzinifu wanawake waumini wenye kujihifadhi. Kula mali ya yatima imo humo. Na An-Nisaa aya ya 10 Allah anasema wanaokula mali za mayatima kwa dhulma hakika wanakula moto matumboni mwao. Hizo sadaka unazotoa umewahi kujiuliza zinatoka kwenye mfuko gani? Kama biashara ilisimama kwa hela ya yule mtoto basi unatoa sadaka ya mali ya mwenzio, na Allah ni mwema hapokei ila kilicho chema.

Pombe ni baina yako na Mola wako, ukilia usiku mmoja kwa ukweli inaweza kuisha. Hii ina mtu wa tatu katikati. Shahidi aliekufa vitani anasamehewa kila kitu isipokuwa deni, hadithi ya Muslim, shahidi! Sasa mimi na wewe? Na yule muflisi wa kweli aliyetajwa na Mtume (s.a.w.) ni mtu atakaekuja Kiyama na swala na funga na zaka, lakini kamtukana huyu na kala mali ya huyu, mema yake yanagawiwa mpaka yanaisha, halafu madhambi ya aliowadhulumu anabebeshwa yeye.

Unasema anakula kwangu. Ile sahani ya chakula uliyompa miaka yote hii ulimpa kwa nia gani? Kama ulimpa kwa udugu na huruma basi ni sadaka yako na ujira wake mkubwa mno, lakini huwezi leo kuigeuza ukasema ilikuwa malipo. Qur'ani imemruhusu msimamizi fakiri ale kwa wema, kiasi tu, na mwenye uwezo ajizuie, aya ya 6 hukohuko An-Nisaa, na ikataka siku ya kumkabidhi yatima mali yake waletwe mashahidi.

Fanya hivi. Chukua daftari, andika kiasi ulichopokea siku ile, chote, usijipunguzie. Hukusema kama marehemu aliacha mke au mama, maana kwa kuwa kuna mtoto mke ana thumni (moja ya nane) na mama ana sudusi (moja ya sita), kama mirathi haikugawanywa basi na hao wanakudai. Faida ya biashara wanachuoni wametofautiana ni ya nani, ila iko habari ndani ya Muwatta, kitabu cha Imam Malik, watoto wawili wa Sayyidna Umar walichukua mali ya hazina wakafanyia biashara, Umar (r.a.) akawataka wairudishe, mwisho ikachukuliwa rasilmali na nusu ya faida. Mimi kwa upande wangu naona na wewe ufanye hivyo, mtaji wote na nusu ya faida, moyo utatulia zaidi. Kama huna zote kwa mpigo, lipa kidogo kidogo kila mwezi kwa jina la mtoto, mwite mtu mzima muaminifu wa familia aone na aandike, na uandike wasia leoleo, sio kesho, kwamba mtoto fulani ananidai kiasi fulani. Akishabaleghe na akili imepevuka mwambie ukweli kwa mdomo wako na umuombe radhi, usimuombe sasa hivi akiwa mdogo kwa sababu msamaha wa mtoto juu ya mali yake hauhesabiki.

Swala za miaka miwili wanachuoni wengi na madhehebu manne wanasema uzilipe. Usiogope wingi, kila ukiswali ya faradhi lipa na ya zamani moja au mbili, weka hesabu kwenye daftari hilohilo upande wa pili. Na uanze na hii itakayoadhiniwa sasa hivi baada ya kusoma haya. Kuhusu mirathi niandikie tena useme marehemu aliacha nani na nani, tutapiga hesabu pamoja inshaallah.

Wallahu a'lam.