Majaji hawakupigiwa kura: wanafutaje sheria ya Bunge?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nafundisha somo la uraia na wanafunzi wangu wamenibana. Wananchi huchagua wabunge, na wabunge hutunga sheria. Majaji huteuliwa tu. Iweje majaji wachache wafute sheria iliyopitishwa na wabunge mamia? Je, hapo mhimili mmoja haujajiweka juu ya mwenzake? Na Bunge likikasirika, haliwezi kuibadilisha katiba yenyewe yakaisha?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Jambo hili limewagawa wanasheria kwa zaidi ya miaka 200, na mimi nina upande wangu, nitausema wazi.

Anza na ngazi za sheria. Katika nchi nyingi zenye katiba iliyoandikwa, katiba iko juu kabisa, chini yake zinakuja sheria za Bunge, kisha kanuni za mawaziri na sheria ndogo za halmashauri. Kila ngazi hupata nguvu kutoka ngazi iliyo juu yake. Bunge nalo limezaliwa na katiba, nayo ndiyo inayolikabidhi kazi na kuiwekea mipaka kazi hiyo. Likitunga sheria inayopingana na katiba, limetumia mamlaka ambayo halikupewa. Jaji mwenye kesi mbele yake hawezi kuzifuata zote mbili kwa wakati mmoja, na akiifuata ile ya chini atakuwa ameivunja ya juu.

Hoja hiyo ilipata umbo lake maarufu Marekani mwaka 1803. Rais John Adams, akikaribia kuondoka madarakani mwaka 1801, alimteua William Marbury kuwa hakimu wa ngazi ya chini. Hati ya uteuzi ilisainiwa na kupigwa mhuri, lakini haikumfikia, na serikali mpya ya Thomas Jefferson ikakataa kuitoa. Marbury akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, akitegemea sheria ya 1789 iliyoiruhusu mahakama hiyo kuwaamuru viongozi wa serikali watimize wajibu wao, kama kutoa hati hiyo. Jaji Mkuu John Marshall alikubali kwamba Marbury alistahili hati yake. Hata hivyo, akasema, kifungu kilichomleta pale kinaipa Mahakama ya Juu madaraka ambayo katiba haikuipa, kwa hiyo ni batili. Waonyeshe wanafunzi jambo hili, maana mara nyingi hurukwa: katika kesi ile mahakama ilikataa kuongezewa madaraka na Bunge.

Katiba ya Marekani haina sentensi inayosema waziwazi kwamba majaji wanaweza kufuta sheria. Katiba nyingi zilizofuata zimeliandika jambo hilo. Ibara ya 2 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema sheria inayokinzana na katiba ni batili kwa kiwango cha ukinzani huo, na ibara ya 64 ya Katiba ya Tanzania inasema vivyo hivyo. Katika nchi kama hizo, jaji anayetamka sheria kuwa batili anatekeleza agizo la katiba yenyewe.

Tena mahakama imefungwa kwa namna nyingi. Haiwezi kuchagua yenyewe sheria ya kuishughulikia. Lazima mtu alete shauri. Lazima iandike sababu zake, ambazo kila mtu anaweza kuzisoma na kuzikosoa. Haina jeshi wala hazina, jambo ambalo Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, alilisema tangu 1788. Na si lazima ifute papo hapo: ibara ya 30 ya Katiba ya Tanzania inairuhusu mahakama kuipa Serikali au Bunge muda wa kurekebisha kasoro.

Kuhusu majaji kutopigiwa kura, upande wangu ni huu: ndiyo sababu hasa tunawahitaji. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilifuta adhabu ya kifo kwa makosa ya mauaji. Ilielezwa mahakamani kwamba wananchi wengi waliitaka adhabu hiyo. Majaji wakajibu kwamba kama maoni ya wengi yangetosha kuamua, kusingekuwa na haja ya mahakama kuitafsiri katiba. Mfungwa anayechukiwa na kila mtu hana mbunge wa kumtetea. Mahakama ndiyo mlango pekee uliobaki wazi kwake.

Lakini usiwaambie kwamba ni hivyo kila mahali. Uingereza haina katiba iliyo katika waraka mmoja, na Bunge lake ndilo lenye kauli ya mwisho. Kwa Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, majaji wake wanaweza kutamka kwamba sheria ya Bunge inapingana na haki hizo, lakini sheria yenyewe inaendelea kutumika mpaka Bunge liibadilishe. Kanada ilichagua njia ya katikati mwaka 1982: bunge linaweza kutamka kwamba sheria itatumika ingawa inagusa baadhi ya haki, ila tamko hilo hudumu miaka mitano tu, kisha lazima lipitishwe upya.

Sasa swali lako la mwisho. Ndiyo, katiba inaweza kubadilishwa ili kujibu hukumu, na hilo ni halali. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha kodi ya mapato. Mwaka 1913 katiba ikarekebishwa, kodi ikarudi. Ugumu uko kwenye kizingiti: kwa kawaida hutakiwa theluthi mbili ya kura, pengine na kura ya maoni.

Je, kuna kisichoguswa hata kwa theluthi mbili? Ujerumani inasema kipo. Mwaka 1933 bunge lake lilimkabidhi Hitler na mawaziri wake uwezo wa kutunga sheria, kwa kura zilizozidi theluthi mbili. Katiba ya 1949 ikaweka ibara ya 79, inayokataza marekebisho yanayogusa utu wa binadamu na misingi ya demokrasia. India haikuwa na ibara kama hiyo, ila mwaka 1973 majaji 7 dhidi ya 6 waliamua kwamba Bunge halina uwezo wa kuharibu muundo wa msingi wa katiba. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya ikakataa kuifuata nadharia hiyo, ikisema utaratibu wa marekebisho ulioandikwa katika katiba unatosha kuilinda. Hapa mimi naegemea India, ingawa naiheshimu hoja ya Kenya: jaji anayejipa kazi ya kulinda kitu kisichoandikwa anahitaji kudhibitiwa pia.

Kwa kipindi kijacho, wape wanafunzi ibara ya marekebisho katika katiba ya nchi yao. Watafute ni mambo gani yanahitaji kura nyingi zaidi kuliko mengine, kisha wabishane kwa nini.