Kabla hujafungua tyubu ya antibayotiki: kwa maintani (madaktari walio mafunzoni kazini) wa chumba cha vidonda

Juzi nimekuta tena kwenye faili: "Kidonda mguuni, usaha. Mupirosini mara tatu." Sukari haikupimwa, mapigo ya mguu hayakushikwa, ukubwa wa kidonda haukuandikwa. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanizeesha.

1. Utelezi wa njano peke yake si maambukizi. Kila kidonda sugu kina bakteria, na pamba ukiipitisha juu juu lazima maabara waoteshe kitu. Tafuta maumivu yanayozidi, joto, uvimbe, harufu mpya. Wekundu ukitambaa au homa ikipanda, hiyo ni kazi ya dawa ya kumeza au ya mshipa. Kwa mguu wa kisukari wenye maambukizi, mwongozo wa IWGDF (kundi la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari) wa 2023 unasema usiongeze antibayotiki ya kupaka juu ya hizo.

2. Neomaisini. Hapa nina deni. Mama mmoja muuza samaki alikuwa na kidonda cha vena (damu inapokwama kwenye mishipa ya mguu) juu ya kifundo cha mguu, nikampa marhamu ya neomaisini na basitrasini. Akarudi ngozi ya pembeni imeiva, inachuruzika maji. Nikasema maambukizi yamesambaa, nikaongeza marhamu. Akarudi hali imezidi, nikaongeza tena, na vidonge juu yake. Kila mara aliniambia, "Daktari, haiumi, inawasha," nami kwa mazoea naandika "maumivu". Siku moja dada wa zamu, aliyeanza kufunga vidonda mimi nikiwa sekondari, akafungua gozi akanionyesha: wekundu ulikuwa na kona nne, sawasawa na gozi yenyewe. "Bakteria gani huyu, daktari, anayetumia rula?"

Ulikuwa mzio, na wagonjwa wa vidonda vya miguu ndio huupata sana. Tukaacha marhamu, tukapaka steroidi pembeni kwa siku chache, tukashika mapigo (yalikuwepo), tukafunga bandeji ya kubana. Kidonda kikaanza kujaa nyama bila antibayotiki yoyote. Nauli na siku za soko alizopoteza hazimo kwenye faili lile.

3. Unga wa PPF (penisilini ya sindano) na kapsuli za rangi mbili zilizopasuliwa na kumwagwa kidondani: hapana. Mgonjwa akija amejimwagia, msimfokee, osheni kwa maji ya chumvi.

4. Mupirosini na asidi ya fusidi ni za bakteria wa stafilokokasi, kwa mfano impetigo (maambukizi ya ngozi) ya watoto, tena kwa siku chache. Usaha wa kijani wenye harufu tamutamu unanuka bakteria wa sudomonasi; fikiria silva salfadiazini, ukiuliza kwanza mzio wa salfa. Krimu ya mseto yenye betamethasoni, ambayo ni steroidi, nisiione kwenye kidonda kilicho wazi. Mnaiandika kwa sababu famasi ya getini inayo, najua.

5. Andikeni tarehe ya kuacha dawa. Na aliyeacha tyubu wazi dirishani jana aje kuichukua, imeyeyukia kwenye rejista.