Ba ana nadhiri ya Girnar, nami ndiye nitakayemsindikiza

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, nafanya kazi Mbeya mjini kwa mama mmoja wa Kihindi ambaye nyumbani sote tunamwita Ba. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, hasa baridi ya Juni na Julai ikishika. Mzee wake alipougua sana, Ba aliweka nadhiri kwamba akipona ataupanda mlima Girnar, kule Gujarat, kumshukuru Amba Mata, mungu mama wa Kihindu. Mzee amepona. Watoto wake walioko Dar wanasema apande gari la kebo, yeye hataki hata kulisikia. Mimi nimeombwa nimsindikize. Je, akipanda kebo nadhiri inakuwa imevunjika? Na mimi Mmoraviani, nitaruhusiwa kuingia hekaluni?
Msindikizaji, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mhindu wa hapa Iringa, nimezaliwa na kukulia mjini, na Girnar niliipanda na mama yangu mzazi enzi hizo kebo haijajengwa. Barua yako nimeisoma kwa furaha kubwa, maana si kila mzee anapata mtu wa kumuulizia mambo yake kwa moyo namna hii.

Kwanza ujue mnakokwenda. Girnar iko pembeni mwa mji wa Junagadh, eneo la Saurashtra. Kilele chake kirefu kuliko vyote, cha Gorakhnath, kina mita 1,100 hivi. Wewe hapo Mbeya mjini unalala kwenye mita 1,700, kwa hiyo habari za hewa nyepesi zisikutishe hata kidogo. Kinachowamaliza watu pale ni vidato. Kutoka chini, Bhavnath, hadi kilele cha Dattatreya watu huhesabu vidato vya mawe 10,000, na hekalu la Amba liko kama katikati ya njia. Tena si mlima wa kupanda mara moja ukamaliza. Ukitoka kwa Amba unapanda Gorakhnath, unateremka sana, halafu unaanza kupanda upya kuelekea Dattatreya. Kurudi ni hivyo hivyo.

Sasa nadhiri. Kebo ilifunguliwa Oktoba 2020 na inawafikisha watu jirani na hekalu la Amba kwa muda usiofika dakika kumi. Mimi nasema wazi: haivunji kitu. Kabla ya kebo wazee na wagonjwa walipandishwa kwa doli, yaani kiti kidogo kinachoning'inizwa kwenye mti, wanaume wakaubeba mabegani, kama machela. Mama yangu alipanda hivyo. Alfajiri, taa za vibanda vya chai zikiwa bado zinawaka, walimpima kwanza kwenye mizani, kwa kuwa malipo ya doli hufuata uzito wa mtu. Mbebaji wa mbele alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Begani aliweka kitambaa alichokikunja mara nne, na pale mti ulipozoea kukaa ngozi ilikuwa sugu, nyeusi, inang'aa. Hakutazama chini. Kidole gumba cha mguu kilitangulia, kikapapasa ukingo wa jiwe, ndipo unyayo ukafuata, kidato baada ya kidato, na mama juu anasema "Jai Ambe" kila anapovuta pumzi. Tulipofika, kabla hata ya kuingia kwa Mata, mama aliunganisha viganja mbele ya wale wabebaji akawainamia. Hakuna aliyemwambia kwamba hija yake ni pungufu. Kama doli ilikubalika kwa wazee wetu wote, sioni kwa nini waya ukataliwe.

Lakini watoto wa Dar nao wasimwamulie. Nadhiri ni ya aliyeitamka. Jioni moja mpelekee chai yake, keti naye, umuulize taratibu: "Ba, ulimwahidi Mata nini hasa?" Kama aliahidi kufika, kebo inamfikisha. Kama aliahidi miguu, basi apande kwa miguu vidato vile vya mwanzo kabisa, mia moja au mia mbili kadiri daktari wake atakavyoruhusu, alfajiri kabla ya jua, arudi apumzike, kisha ndipo apande kebo. Anayempokea juu anayajua magoti yake.

Jambo moja lisimamie bila kumwonea haya: asishuke mlima mzima kwa miguu. Watu huogopa kupanda, kumbe goti bovu huumizwa zaidi na kushuka. Na kebo husimamishwa upepo ukiwa mkali, kwa hiyo msipange siku moja tu Junagadh. Kaeni tatu au nne. Muda hautapotea, maana kwenye njia ya kwenda mlimani kuna jiwe kubwa lenye amri za mfalme Ashoka, zilizochongwa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na kuna bwawa la Damodar Kund analohusishwa nalo Narsinh Mehta, mshairi wa karne ya 15 ambaye nyimbo zake Ba bila shaka anaziimba jikoni. Mwombe akuimbie mkiwa pale pale.

Kuhusu wewe, ingia na amani yako. Unavua viatu, mkanda wa ngozi unauacha nje, unafuata mstari. Wapo Wajaini pia, watu wa dini nyingine ya kale ya India, kwenye mlima huo huo, wana mahekalu yao ya marumaru na mawe chini kidogo ya Amba, kwa hiyo pale watu wamezoea kuona wengine wakisali kwa namna yao. Ba atabeba nazi na kitambaa chekundu cha kumtolea Mata, wewe mshikie mkono. Ukipewa prasad, chakula kilichobarikiwa, pokea kwa mkono wa kulia. Kama dhamiri yako ya Kikristo inakataa kukila, mpe Ba, naye atakuelewa. Usikiache mahali wala kukitupa.

Safari yenyewe haina maajabu: Songwe hadi Dar, Dar hadi Mumbai au Ahmedabad, kisha treni hadi Junagadh. Dawa za Ba ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku. Nendeni kati ya Novemba na Februari. Aprili na Mei joto la kule ninyi watu wa Mbeya hamliwezi, na wakati wa mvua, Juni hadi Septemba, mawe yanateleza. Juu mtakula bila nyama wala mayai. Chakula usikishike wazi mkononi, nyani wa kule wana mikono myepesi. Mtu akikusalimia njiani "Jai Girnari", mjibu vivyo hivyo.

Mwanze mazoezi sasa. Mtembee kila asubuhi barabara za kupandia upande wa Loleza, polepole, Ba na fimbo yake. Hiyo fimbo aizoee huku huku nyumbani.

SWALI: Mama, sisi vijana wa Makambako tumesikia kuna watu wanauzunguka Girnar badala ya kuupanda. Ni kweli?
Kijana wa Makambako

JIBU: Ni kweli, na kwa vijana ni jambo zuri mno. Inaitwa Lili Parikrama, kilomita 36 hivi kupitia msituni, katika mwezi wa Kartik baada ya Diwali, kuanzia siku ya kumi na moja ya mwezi mchanga hadi mwezi mpevu. Mnaanzia Bhavnath, mnapita Bordevi, mnarudi Bhavnath. Msitu huo ni hifadhi, una simba wa Asia, ambao porini hawapo kwingine duniani isipokuwa Gujarat. Sisi wa Iringa tuna Ruaha, tunajua simba hafanyiwi mzaha: fuateni njia iliyowekwa, mtembee na umati, msilale mbali na wenzenu. Watu wa kujitolea hupika njiani na kulisha mahujaji bure. Mkishiba, ombeni mwiko nanyi mkoroge kidogo, hawakatai.