Maswali ya Wasomaji: Mimi ni mrefu sana, nitaenea kwenye gari ndogo ya spoti?

*Habari yako mzee wa magari. Mimi ni kijana wa Gulu ila kazi yangu iko huku Kampala, nina mita 1 na sentimita 94. Tangu niko sekondari natamani Mazda Roadster, ile ya siti mbili paa linafunguka. Pesa nimeweka kidogo kidogo sasa imefika, lakini kila ninayemwambia ananijibu hiyo ni gari ya watu wafupi, utaendesha magoti yako kwenye masikio. Kuna dalali amenitumia picha za moja iko bado Japani, anataka nilipe nusu wiki hii. Nilipe ama niache? – Mrefu wa Gulu*

Ndugu yangu, wiki hii usilipe. Na sisemi ivo kwa sababu huenei, mimi sijui kama unaenea ama huenei, na hao marafiki zako pia hawajui, na huyo dalali ndio kabisa hajui. Namba uliyonitumia, hiyo 194, ni namba ya mtu amesimama, na hakuna mtu anaendesha gari amesimama.

Ninachotaka kujua ni urefu wako uko wapi, kwenye miguu ama kwenye mgongo. Mwaka juzi nilikuwa kwenye bondi moja, yaani yadi ya kuuzia magari yanayoingizwa kutoka nje, pale Nakawa na jamaa wawili, mmoja mtu wa Masaka mwingine mtu wa Kitgum, wote wana mita 1.90 kasoro ya unywele, na kulikuwa na Roadster moja nyekundu imesimama pale tukaomba ufunguo. Wa Masaka akaingia, miguu safi kabisa, lakini kichwa kimegusa paa, akainamisha shingo kama mtu anapita mlango mfupi. Wa Kitgum akaingia, juu ya kichwa chake ngumi yangu imepita bila shida, lakini magoti yamebanwa chini ya usukani, klachi akiikanyaga goti linagonga. Urefu uleule, gari ileile, shida mbili tofauti kabisa. Tukawakalisha chini kwenye simenti wameegemea ukuta tukapima kutoka chini mpaka utosini, mmoja 99 mwingine 92. Sentimita saba! Kwenye gari ya spoti sentimita saba ni dunia nzima.

Na hii sio bahati ya watu wawili. Watu wetu wa kaskazini, Waacholi, Walango, Wakaramojong, na majirani wa Sudan Kusini, wengi miguu yao ni mirefu ukilinganisha na kiwiliwili, wakikaa wanakuwa chini kuliko vile ungefikiria. Sasa ukimkuta Mzungu kwenye video anasema kwamba yeye ana mita 1.94 na Roadster imemkataa, mwili wake unaweza kuwa hauko kama wako hata kidogo. Ndio maana ushauri wa kwenye intaneti juu ya hili jambo unapotosha watu wetu, wengine wanaachana na gari ambayo ingewafaa, wengine wananunua isiyowafaa.

Kwa hiyo fanya hivi leo jioni. Kaa chini sakafuni, makalio yaguse ukuta, mgongo wima, mtu akuwekee kitabu kichwani apige alama ya penseli, pima. Alafu pima kutoka makalio mpaka mwisho wa goti, na kutoka goti mpaka kisigino. Andika hizo namba tatu uwe nazo kwenye simu.

Sasa tuje kwenye Roadster yenyewe, manake hapa ndio watu wengi wanachanganya, wanasema Roadster tu kama vile iko moja. Ya kwanza ilitoka 1989, Japani waliiuza kwa jina la Eunos Roadster, ya pili ikaja 1998, ya tatu 2005, ya nne 2015. Ile ya kwanza na ya pili usukani wake haupandi haushuki hausogei, umefungwa pale ulipo, kwa mtu wa miguu mirefu hizo ni ngumu. Ya tatu usukani unapanda na kushuka. Ya nne nayo ilianza ivo ivo, lakini kwenye marekebisho ya 2018 wakaongeza kitu kimoja ambacho kwako wewe ni muhimu kuliko rangi, rimu na redio vyote pamoja: usukani unavutika kuja kwa dereva. Maana yake unaweza kurudisha siti nyuma mpaka mwisho, miguu ipumue, na mikono bado ifike bila kuinama. Bila hiyo mtu wa miguu mirefu anachagua kimoja, ama miguu iwe sawa mikono inyooke kama fimbo, ama mikono iwe sawa magoti yapigwe.

Na zile za zamani usihangaike nazo, sheria ya usalama barabarani ilivyorekebishwa 2018 haikubali kuingiza gari ya miaka 15 na zaidi tangu itengenezwe. Za miaka ya tisini utazipata tu zile ziko tayari ndani ya nchi.

Lakini kuna kitu hakiwezi kurekebishwa na usukani. Kwenye gari ya siti mbili nyuma ya siti yako kuna ukuta wa bodi, hapo hapo. Ukirudisha siti mpaka mwisho huwezi tena kuilaza, inagota. Kwenye Corolla unarudisha na kulaza, hapa unachagua. Mtu wa mgongo mrefu alikuwa anategemea kulaza ili kichwa kishuke, na ndio maana jamaa wa Masaka alishindwa. Ukikuta ile ya paa gumu linalojikunja, usidhani ndio ina nafasi zaidi, juu ya kichwa inabana kidogo kuliko ya turubai.

Siku ukipata ya kujaribu, na nakuomba sana ujaribu hata kama ni ya mtu mwingine, usikae dakika mbili upige picha ushuke. Vaa viatu vyako vya kila siku. Mtu wa urefu wako mara nyingi anavaa 46 au 47, na pedali za hizi gari ziko karibu karibu, kiatu kipana kinakanyaga breki na eksileta kwa pamoja, nimeona kwa macho yangu na haikuwa kitu cha kuchekesha. Funga mlango, funga mkanda. Kanyaga klachi mpaka chini, ipandishe, mara ishirini, manake hiyo ndio Jinja Road saa kumi na moja jioni. Zungusha usukani wote kulia na kushoto ukiwa umeinua goti. Alafu tazama mbele: macho yako yanaona barabara ama yanaona fremu ya kioo? Watu warefu kwenye hizi gari wakisimama mbele kabisa kwenye taa hawaioni taa, paa limeificha, inabidi wasimame nyuma kidogo. Hilo unazoea. Lakini kama unaendesha ukiwa umeinamisha kichwa ndio uone mbali, hilo huzoei, hilo litakuumiza shingo kabla hujafika Luweero, na Gulu ni kilomita 330 na kitu.

La mwisho kwako, na hili sitanii. Fungua paa, kaa vizuri, mtu alaze mpini wa ufagio kutoka juu ya fremu ya kioo cha mbele mpaka juu ya vile vyuma vya nyuma ya siti. Kichwa chako lazima kiwe chini ya huo mpini, na nafasi ibaki ya vidole viwili vitatu. Kama kichwa kinapita juu, ndugu yangu achana na hiyo gari, hata kama umeiota miaka kumi. Gari ikipinduka kitakachogusa lami ni wewe. Mimi rafiki yangu alilipa kwa picha, gari ikatoka Mombasa ikapita Malaba ikafika, akaingia mara moja tu, akaiuza kwa hasara mwezi uleule. Afadhali huyo aliuza, wapo wanaoendelea kuendesha ivo ivo.

*Mzee, mume wangu ni mrefu na gari yetu ni Toyota GT86. Fundi mmoja amesema atatoa sponji ya siti na kukata reli ili ashuke chini. Mimi ni mfupi na mimi pia naendesha hiyo gari. Tukubali? – Mama wa watoto wawili, Mbarara*

Nyabo, sponji ndio, reli hapana. Kupunguza sponji ya kukalia sentimita mbili tatu mafundi wazuri wa siti wanaifanya na inasaidia kweli, ila aiache sponji ya mbele chini ya mapaja, akiipunguza hiyo mapaja yanaelea na mgongo wa chini ndio unabeba kila kitu. Na kwenye siti ya abiria ya mbele kuna kifaa kinachosikia kama kuna mtu amekaa, fundi akikiharibu taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa wa kukukinga gari ikigonga, inabaki inawaka, kwa hiyo siti ya abiria asiiguse.

Reli ni kitu kingine. Hiyo reli ndiyo inashika siti, na siti ndiyo inamshika baba watoto gari ikigonga. Ikikatwa na kuchomelewa pembeni ya barabara hakuna mtu anaweza kukuambia itashika ama itang'oka, na wewe mfupi ukitaka kusogea mbele haitasogea tena. Kabla ya kukata chochote mwambie ashushe siti mpaka mwisho, hiyo gari ina lifti ya siti pale pembeni na watu wengi hawajui, na usukani wake unapanda, unashuka, unavutika. GT86 tangu ilipotoka 2012 imewafaa warefu wengi ninaowajua, kwa masharti kwamba nyuma ya dereva hakai mtu. Na watoto wawili, nyabo, hapo ndipo ningefikiria tena, sio siti.

Na wewe ukiendesha baada yake, usikimbilie tu kufikia pedali ukajikuta kifua kiko juu ya usukani. Acha sentimita 25 kati ya kifua na katikati ya usukani, eabegi inafunguka kwa nguvu sana.

*Mimi nacheza basketi, nina mita 2 na sentimita 3. Niambie ukweli, kuna gari ya spoti ya mtu kama mimi? Napenda Honda S660. – Jinja*

Ukweli ni kwamba S660 hapana, na inaniuma kukuambia kwa sababu ni gari nzuri sana. Hiyo ni gari ya daraja la kei, sheria ya Japani inaibana isizidi mita 3.40 urefu na mita 1.48 upana, injini isizidi sisi 660, na injini yenyewe wameiweka nyuma ya mgongo wako. Siti itarudi wapi? Daihatsu Copen nayo ni ya daraja hilohilo la kei, ndogo ivo ivo.

Angalia Audi TT, ile ya paa gumu, mbele ina nafasi ambayo ukiiona kwa nje huamini. Nissan Fairlady Z ya 370 nayo ni pana, ila usukani wake unapanda na kushuka tu, hauvutiki, kwa hiyo pima mikono. Na yoyote utakayoipata, chagua isiyo na sanrufu, ile mashine ya kioo inakaa ndani ya dari na inakula nafasi ya kichwa chako.

Na usiache mtu akuambie mrefu hawezi. Dan Gurney, Mmarekani wa kama mita 1.93, alikuwa dereva wa Ford GT40, gari iliyopewa namba 40 kwa sababu kimo chake ni inchi 40, yaani kama mita moja tu kutoka chini. Mafundi wakampandishia nundu kwenye paa juu ya kichwa chake ili helmeti ienee, na mwaka 1967 yeye na A. J. Foyt wakashinda mbio za saa 24 za Le Mans ndani ya hiyo gari. Wewe nundu huwezi kuipata bondini, lakini siti ya mbio isiyo na sponji nyingi, ikifungwa kwenye mashimo yaleyale ya kiwanda, unaweza.

*Nina miaka 58, mrefu, na mgongo unaniuma. Nikishafika ndani ya gari ya kijana wangu niko sawa, shida ni kuingia na kutoka. – Fort Portal*

Mzee wangu, usianze na mguu. Geuza mgongo kwenye gari, shika fremu ya mlango, kaa kwanza makalio kwenye siti ukiwa umeinamisha kichwa, alafu ingiza miguu yote miwili pamoja. Kutoka ni kinyume chake: miguu yote miwili nje kwanza, ikae chini imara, ndio unasimama. Mwambie kijana arudishe siti nyuma kabisa kabla hujaingia na hujatoka, na asikupakie kando ya ukuta ama mtaro, hizi gari milango yake ni mirefu na inataka nafasi ya kufunguka yote. Safari ndefu simameni kila baada ya saa mbili, shuka, tembea, hata kama mgongo bado haujalalamika. Na kama maumivu yanashuka mpaka mguuni, hiyo sio kazi yangu tena wala ya fundi, nenda umwone daktari wiki hii.